Kichwa Changu Katika Maombi ya Leo Mukuyuni

Ndugu na marafiki, leo nimeombewa ugonjwa nisiokuwa nao.

Asubuhi, katika kliniki moja mjini Kitui, nilitolewa damu mkononi, ikazungushwa kwenye mashine, kisha sehemu yake nikadungwa upande wa upara ili nywele ziote tena.

Daktari alisisitiza: "Mzee, kichwa kisiguswe hadi kesho."

Nikavaa kofia. Mke wangu sikumwarifu.

Jioni, kanisa lilikuja kuombea nyumba yetu hapa Mukuyuni. Mwanamume haombi akiwa na kofia. Nikaivua.

Upara ulikuwa umevimba na kujaa alama nyekundu za sindano.

"Baba Mutua! Ni nini imekuuma hivyo?" mke wangu akauliza.

Nilishindwa kutamka neno "nywele" mbele ya wazee wa kanisa.

"Ni matibabu," nikajibu.

Hapo ndipo nilipokosea. Mchungaji aliita watu wote waniwekee mikono. Kichwani.

"Wewe ugonjwa, toka!"

Nikapaza sauti: "Ni dawa ya nywele! Naomba kwa heshima mikono iondolewe!"

Haikuondolewa. Mchungaji alirekebisha ombi tu: "Basi Bwana, mpe nywele."

Aliyeitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote ni mke wangu.

Naomba ushauri wenu: zikiota, ushuhuda niutoe kanisani au kliniki?