Bergen, Mji Unaoogopa Moto

Mimi ndiye yule mwanamke ambaye Wasomali wa Bergen husema alichoma nyumba kwa udi. Sikuchoma. Shule niliiacha Garissa nikiwa mdogo, lakini haya naweza kuyaandika bila msaada wa mtu.

Watu wa hapa Birmingham wakisikia niliishi Norway huniuliza habari za theluji. Bergen kuna mvua. Mji umebanwa kati ya milima na bahari, mawingu yakifika pale yanakosa pa kupita, basi yanajimwaga yote vichwani mwa watu. Nguo ukifua leo, keshokutwa bado ina unyevu na imeanza kunuka.

Mwalimu wetu wa lugha, mama mmoja mzee mzaliwa wa pale, alitutembeza bandarini kwenye zile nyumba ndefu za mbao, nyekundu na manjano, zimeegemeana kama walevi. Akatuambia zamani zilikuwa za wafanyabiashara wa Kijerumani walionunua samaki mkavu kutoka kaskazini, na walikatazwa kuwasha moto ndani hata baridi iwe kali vipi. Kwa kupika na kuota moto kulikuwa na jengo lingine huko nyuma. Matajiri wazima, wanatetemeka gizani! Na bado mji uliungua, ukajengwa, ukaungua tena. Ziko barabara ambazo ni pana ajabu. Ziliachwa hivyo ili moto ukose pa kuvukia. Lakini nyumba wakazirudishia mbao zilezile. Siku hiyo nilicheka. Watu wanauogopa moto kama sisi tunavyouogopa wa Jahanamu, na bado wanalala ndani ya kuni.

Sisi tulipanga orofa ya juu ya nyumba moja ya mbao kama hizo, mlimani, kwenye kichochoro ambacho kitanda kilipitishwa kimesimamishwa wima. Tulikuwa mimi, mume wangu na dadake, wifi yangu. Nilipojifungua binti yangu, wifi ndiye aliyeniuguza. Siku ya arubaini nikafukiza udi kama mama zetu wanavyofanya. Chetezo nilikiweka bafuni, kwenye vigae, ndani ya sinia lenye maji. Makaa yalipozimika niliyamwaga chooni kwa mkono wangu.

Moto ulianzia sebuleni alasiri ile. Kulikuwa na hita ya umeme ukutani, na juu yake wifi alikuwa ametandaza mablanketi ya mtoto yakauke. Waya za nyumba ile zilikuwa za kale. Ukiwasha birika na hita pamoja, taa zinapepesa. Tulipomlalamikia mwenye nyumba alisema nyumba ni ya zamani, ndivyo zilivyo. Nilitoka na mtoto kifuani, na mkono wangu wa kushoto una alama mpaka leo.

Halafu wakaja watu wa kuuliza maswali. Lugha yao ilikuwa bado inanishinda, kwa hiyo wifi ndiye aliyekuwa mkalimani. Mpelelezi akataka kujua kama kulikuwa na moto wowote ndani. Wifi akajibu maneno mengi. Nikalisikia neno lao la moshi, nikamwona mwenye nyumba anaitikia kwa kichwa, amepata alichokitaka. Basi ikawa mimi, mwanamke wa Kiafrika na makaa yake katika mji wa mbao. Nani angeuliza tena habari za waya?

Kwa hiyo nawataja. Mwenye nyumba na waya zake. Wifi yangu na ulimi wake. Na mume wangu, aliyeyaona mablanketi pale pale juu ya hita akienda kazini, akanyamaza, kisha akaniacha eti nimemwaibisha.

Nilikuja Birmingham na mtoto wangu, nikapata nyumba Nechells, nyuma ya maghala. Maneno yalikuwa yamefika kabla yangu. Binti yangu aliyasikia harusini, Handsworth, kwa akina mama waliotoka Bergen. Nikamweleza ukweli. Akanijibu, "Mama, kwako wewe kila mtu ni mwongo." Tangu hapo nikipika anakuja kuangalia jiko nyuma yangu, kimya kimya, kama mtu anayetunza mgonjwa wa akili.

Mwaka huu wifi alikuja kumwona mwanawe anayeishi Harborne, akapita kunisalimia. Binti yangu akafurahi, maana amekata tikiti ya kwenda kuuona mji aliozaliwa.

"Shangazi, nikifika nianzie wapi?" aliuliza kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, ila hakimtoki.

Wifi akaanza kumwaga Bergen yake. Apande treni ya mlimani, ale samaki sokoni, abebe koti zito kwa sababu mwavuli utavunjwa na upepo.

"Mwelekeze na kile kichochoro," nikasema. "Mweleze na ile hita."

"Wifi, bado tu? Hebu kunywa chai yako."

"Chai ni yangu, nyumba ni yangu, mgeni ni wewe. Mablanketi alitandaza nani?"

"Bergen nzima inakausha nguo kwenye hita!"

"Sijaiuliza Bergen."

Binti yangu akaweka kikombe chini. "Mablanketi gani, Shangazi?"

Wifi akaangalia mlango, akaniangalia mimi. "Yako," alisema. "Wiki nzima yalikuwa mabichi. Nilitaka siku yako ya arubaini ulale kwenye kitu kikavu."

"Na ukawaambia ni mama."

"Mamako alikuwa na karatasi za kukaa. Yeye wasingemfukuza. Mimi sikuwa nazo."

"Nilifukuzwa na midomo yenu," nikamwambia. "Hiyo haihitaji karatasi."

Akaanza kulia. Nikamgeukia binti yangu, nikijua sasa zamu yangu imefika, aje kwangu aniombe radhi. Akainuka, akanipita, akaenda kumkumbatia shangazi yake. Kwa sababu mablanketi yalitandazwa kwa ajili yake. Nikasema moyoni, haya, hata hili wifi amenichukulia.

Wakakaa vile, mimi nikakusanya vikombe. Kisha nikaona macho ya binti yangu, juu ya bega la wifi, yametua kwenye mkono wangu wa kushoto. Katika maisha yake yote hakuwahi kuniuliza. Mtu hamuulizi mchomaji alivyookoa.

"Mama," alisema, na safari hii kwa Kiswahili, kikimtoka kwa shida. "Mimi ulinitoa vipi?"

"Ngoja kwanza huyu aondoke," nikamjibu.