Nilimwita Mwizi kwa Sababu ya Ngozi

Wasomaji wenzangu, nimekosa, tena nilikosa mchana, macho wazi, nikijiona nina akili kuliko watu wote. Sikuwa nimelewa. Hakuna aliyenidanganya ila mimi mwenyewe.

Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya. Kazi yangu ni kununua ngozi za ng'ombe na kuziwamba kwenye banda langu karibu na soko. Nionyeshe ngozi, nitakwambia ng'ombe alichinjwa au alijifia, alikuwa mzee au mtamba. Watu walinisifu, na sifa zikanipanda kichwani.

Nilikuwa na rafiki kule Molo, Uganda, Mteso kwa kabila, anayeitwa Opolot. Nilimwekesha ng'ombe wawili. Hiyo ni desturi yetu huku mpakani, kwani mwenye busara hafugi mifugo yake yote kwenye boma moja. Mtunzaji hunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi. Bila ngozi, umekula au umeuza. Tena ng'ombe wa kuwekesha hatangazwi. Hata mdogo wangu, aliyekuwa akihangaika kukusanya mahari, hakujua kwamba ninao. Aliniomba msaada nikamwambia sina wa ziada.

Mwaka wa pili tangu Kenya ipate Uhuru, Opolot alikuja kwangu mikono mitupu. Akasema ng'ombe wangu mmoja, yule mwekundu mwenye baka jeupe begani, amekufa kwa sotoka, ule ugonjwa wa kuambukiza unaofyeka ng'ombe boma zima. Nikamuuliza ngozi iko wapi.

"Watu wa mifugo, wale wa serikali, walichoma ngozi pamoja na ng'ombe," akasema. "Mimi naomba hata mkia nilete kwako, walikataa. Wanasema ng'ombe ya Molo hakuna kutoka, hata ngozi hakuna kutoka."

Nilimpa chai akanywa, akaondoka. Moyoni nilikuwa nikicheka. Sotoka gani hiyo, na sokoni kwetu hakuna aliyeisikia?

Siku nne baadaye mchuuzi mmoja akaleta ngozi bandani, akasema ametoka nazo upande wa Malaba. Moja ilikuwa nyekundu, baka jeupe begani, ya ng'ombe aliyechinjwa vizuri kabisa. Lo! Damu ikanichemka. Sikumuuliza mchuuzi ameinunua kwa nani. Ya nini kuuliza, na mimi ndiye bingwa wa ngozi? Kana kwamba Mungu aliumba ng'ombe mmoja tu mwenye baka begani!

Nikaifunga ngozi ile kwenye baiskeli, nikaenda Molo. Nilimkuta Opolot akihudumia wazee waliotoka ukweni kwake. Walikuwa wamewekewa chungu cha ajono, pombe yao ya wimbi, wanafyonza kwa mirija. Mtu mwenye adabu angesubiri wageni waondoke. Mimi niliitupa ngozi miguuni pake, nikamwita mwizi mbele ya wakwe zake.

Opolot hakupandisha sauti. Alisema, "Ndugu, twende nakuonyesha mahali walichomea. Iko hapo nyuma ya boma. Majivu iko."

"Majivu hayana rangi," nikamjibu.

Nilijiona nimesema neno la maana sana. Jamani, palikuwa hatua mia tu! Ningekwenda, ningeona pembe na mifupa ya ng'ombe wengi, wa kwake na wa jirani zake. Sikwenda. Nilimfungua ng'ombe wangu aliyebaki, naye Opolot akasimama mlangoni mwa boma, mikono ameitanua.

"Huyu hapana kuvusha. Nipige kama unataka, lakini hapana kuvusha. Utaua ng'ombe ya kwenu."

Nikamsukuma akaanguka. Wakwe zake wakaangalia pembeni kwa aibu.

Nilimswaga ng'ombe yule kwa njia za mashambani, nikapitia Sikuda, huko huko upande wa Uganda, nisikutane na askari. Kwenye kijito alikunywa maji pamoja na ng'ombe wa watu. Hao wa Sikuda sijui yaliwapata nini. Sijathubutu kwenda kuuliza. Nyumbani nilisema nimemnunua Sikuda.

Haikupita wiki, akaanza kutokwa machozi. Kisha makamasi, vidonda mdomoni, na kuharisha. Wakafuata wangu wanne, wakafuata wa mdogo wangu. Alikuwa amefikisha ng'ombe sita, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno. Walikufa wote sita. Watu wa mifugo wakaja wakawachoma pamoja na ngozi zao. Niliomba ngozi moja tu, nikakatazwa. Wazazi wa msichana walingoja kidogo, kisha wakamwoza kwingine.

Opolot alisikia, akaja kutupa pole. Baada ya yote niliyomtendea, alikuja! Majirani wakamzunguka, wakasema watu wa Molo ndio waliotuletea ugonjwa. Mdogo wangu alikuwa na fimbo mkononi. Akamuuliza ni nani aliyemtoa ng'ombe mgonjwa Molo, hata mimi nikauziwa Sikuda.

Opolot akanitazama. Angeinua kidole tu, ingetosha. Aliningoja niseme. Nilitazama chini.

"Mimi nakuja kusema pole tu," akasema.

Mdogo wangu akampiga fimbo ya kichwa. Damu ikamtoka Opolot, akaenda zake kwa miguu, na mimi nimesimama pale pale kama mgeni asiyejua lugha.

Tangu siku hiyo situlii. Nikikaa naona vibaya, nikisimama naona vibaya. Mara tatu nimeshika njia ya Molo, mara tatu nimerudia mpakani. Mdogo wangu bado hana mke, na hunishukuru kwa kuwa nililia pamoja naye. Anaposhukuru natamani ardhi inimeze.

Wewe unayesoma, siku utakapokuwa na hakika kabisa juu ya mwenzako, uogope hakika hiyo. Kuuliza si ujinga. Akikwambia twende nikuonyeshe, nenda, hata kama unajua ni mwongo. Utapoteza hatua mia. Mimi nilizihifadhi, na hamna nilichofaidi.

Jina langu nimelificha. La Opolot nimeliandika wazi, maana yeye hana cha kuficha. Lakini mdogo wangu hulisoma gazeti hili. Akiwakuta hapa ng'ombe wake sita, atajua ni mimi, na fimbo ile bado anayo.