Vioo vya Trekta la Baba

Juzi, barabara ya Misunkumilo, lilinipita trekta likivuta tela la mpunga, vioo vyake vya pembeni vimetokeza kama masikio ya punda. Nilicheka peke yangu, kisha nikamkumbuka baba.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, tulikuwa tumetoka kukoboa mpunga, tukasimama kwenye duka la spea pale Majengo. Palinuka grisi na pumba za moto. Baba alikaa kwenye usukani, na muuza duka akamshikia kioo kimoja baada ya kingine ubavuni mwa trekta. Baba alitazama, akainamisha shingo, akatazama tena.

"Hiki kinang'aa, mzee."

"Kinang'aa, ila hakifiki. Lete kingine."

Kwetu kioo kilikuwa cha kuchania nywele, basi niliona aibu. Nilikimbilia nyuma ya tela, alipokaa mama juu ya magunia akimnyonyesha mdogo wangu.

"Mama, baba anajitazama tu! Watu wanamwona!"

Mama alicheka mpaka mtoto akaacha kunyonya. "Mwache baba yako." Kisha akafunga upya kitambaa chake cha kichwa.

Baba alichukua kibaya kuliko vyote, kirefu, chenye kutu. Sasa najua kwamba kioo kifupi kingemwonyesha magunia tu. Njiani nilikaa ubavuni mwake, na kila mara tela liliporushwa na shimo, alikitazama. Niligeuka nyuma. Mama, kule juu ya magunia, aliinua mkono kidogo, kama mtu anayeitikia hodi.