Karatasi za Freni

Kwenye kona iliyo juu ya ziwa, njia ya Makobola, motari aliyenibeba kwa pikipiki yake aliingia mbio, kisha katikati ya kona akakanyaga freni kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikasimama ukingoni kabisa.

"Kwa nini hupunguzi kabla ya kona, polepole, kwa freni zote mbili?"

"Ya mbele nilishakata waya, papa. Iko inaangusha batu."

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alisoma karatasi zote za motari, leseni na bima, mpaka mihuri.

"Chef," nikasema, "pikipiki hii haina freni ya mbele."

"Permi iko. Asiransi iko. Freni iko na karatasi gani?"

Akaturuhusu tupite. Nikashuka. Kona zilizobaki nilizimaliza kwa miguu, bila karatasi yoyote.