Kamera Nne, Ekstenshoni Moja

Jamani, sikieni haya.

Leo mchana hapa Lodwar, kamera zote nne za duka langu la magodoro zilizima pamoja.

Nikakimbia nyuma. Nikapata mama mmoja aliyekuja kuchaji simu, ameshika plagi ya ekstenshoni aliyoichomoa ukutani.

"Mama, unazima kamera zangu?!" Nilipiga kelele mpaka watu wa boda wakaingia.

Alichukua mkono wangu akauweka juu ya ekstenshoni.

Niliruka! Ilikuwa imeanza kuyeyuka, na godoro la karibu limekuwa jeusi.

Kamera, friji, feni, simu za wateja, zote hapo. (Mafundi, msinitukane. Niliunganisha mwenyewe.)

Picha ya mwisho kurekodiwa? Mama ameinama kama mwizi.

Nikamwomba msamaha.

"Ejok," akasema, yaani 'sawa' kwa Kiturkana. "Sasa simu yangu nitachaji wapi?"