Mchanga Hauli Kiapo

Miaka ya sabini, magari ya Lodwar ungeweza kuyahesabu kwa vidole, na bado mawili yaligongana mchana kweupe kwenye njia panda pana kama uwanja wa mpira. Moja lilikuwa Land Rover ya serikali. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wake, ingawa siku hiyo usukani haukuwa mikononi mwangu.

Aliushika bosi wangu, afisa aliyeletwa kutoka kule ambako Waturkana walikuita Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Hakuruhusiwa kuendesha gari la serikali. Lakini kila tulipotoka Kakuma aliniamuru nisogee kiti cha kushoto, eti mtu wa cheo chake habebwi kama gunia. Gia alizipiga vita njia nzima, nami nikawa nasifu.

Tulipoingia Lodwar alikata kulia kwenda ofisini. Mbele yetu lilikuwa linakuja lori la unga kutoka Kitale, upande wake, kubwa la kutosha kuonwa na kipofu. Anayekata kulia humngoja anayekuja moja kwa moja. Hilo bosi alilijua. Ila aliamini kwamba wakiona namba ya serikali, wengine ndio hushika breki. Maskini yule wa lori alishika, likateleza, likaubomoa mlango wa kushoto, upande wangu. Bosi akatoka kwa mlango wake. Wangu ulikuwa umejikunja, nikatambaa juu ya viti nikatokea huko huko alikotokea yeye.

Bega liliniwaka moto. Sijalishika vizuri, bosi ananinong'oneza.

"Wewe ndiye ulikuwa unaendesha. Na tulikuwa tumesimama, tunangoja lori lipite. Yeye ndiye ametufuata. Umesikia?"

"Ndiyo, mzee."

Sikufikiri hata kidogo. Niliipenda kazi yangu kuliko bega langu.

Dereva wa lori, mtu mzima mpole, alinijia. "Ndugu yangu, wewe ni dereva kama mimi. Waambie ulivyoona. Wakininyang'anya leseni, hakuna kitu kingine ninachojua kufanya." Nikajifanya bega linaniuma zaidi.

Polisi alikuja kwa miguu, maana gari lao lilikuwa limeharibika. Alikuwa na utepe wa kupimia na daftari, na alipima kila kitu: upana wa barabara isiyo na kingo, urefu wa lori, hata umbali wa kutoka pale mpaka kwenye kijiti kimoja ambacho hakikuwa kimegongana na mtu. Yote akayaandika kwa Kiingereza kirefu. Chini hakutazama hata mara moja.

Aliyetazama chini ni mama mmoja muuza makaa. Alitua gunia lake, akazunguka magari taratibu.

"Ejok," alimsalimu polisi kwa Kiturkana.

"Ejok, mama. Sogea, unaharibu ushahidi."

"Naharibu nini? Ushahidi iko hapa chini." Akaonyesha kwa kijiti. "Gari ya serikali haikusimama. Gari ikisimama, gurudumu inazama kidogo. Hapa imepita tu, imekunja. Na huyu ya viatu alitoka kwanza. Huyu ya akala amekanyaga juu yake. Sasa dereva amekaa karibu na mlango, atatoka aje nyuma?"

Sote tukatazama miguu. Viatu vya bosi vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa. Akala, zile ndala za tairi, nilikuwa nazo peke yangu. Nilisikia aibu mpaka kwenye vidole, nikavikunja kana kwamba ningeweza kuvificha.

Bosi akacheka. "Afande, siku hizi mnachukua maelezo ya mchanga?"

"Mchanga hauli kiapo, mama," polisi akasema, kisha akanigeukia. "Wewe ndiye utakula kiapo. Ulikuwa unaendesha?"

Dereva wa lori alinikazia macho. Mama wa makaa hakunitazama kabisa.

"Ndiyo, afande. Na tulikuwa tumesimama."

Nikatia sahihi. Jioni upepo wa Lodwar ulivuma kama kawaida yake, na pale njia panda pakabaki safi kama karatasi. Dereva wa lori alinyang'anywa leseni. Lori lilipotengenezwa akaletwa dereva mwingine, na yule mpole akaondoka Lodwar juu ya magunia ya lori lile lile. Bosi alisema haki imetendeka, akaniruhusu nipumzike siku mbili.

Makaa niliendelea kununua kwa mama yule, kwa kuwa wauzaji walikuwa wachache. Nikimsalimu aliitikia, lakini macho yake hayakupanda kupita magoti yangu. Hilo lilinikera. Mwezi uliofuata nikanunua viatu vya ngozi, vyeusi kama vya bosi, nikapita mbele yake kifua mbele.

Aliinama akatazama nyayo nilizoacha nyuma.

"Kiatu ni mpya," alisema. "Mtu ni ile ile."