Nilitangaza Kwamba Mguu wa Binti Yangu Umepona

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo na kunipa nguvu ya kusema ukweli nikiwa bado hai. Sifa ni zake. Lawama nitakayoieleza hapa ni yangu. Ndugu kadhaa wameniambia nimwachie shetani sehemu yake, lakini sioni sehemu yake iko wapi.

Mimi ni mzee wa kanisa huku upande wa Molo. Kosa langu ni hili: binti yangu alikuwa afanyiwe upasuaji wa mguu, nami nikauzuia kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia waumini kwamba Mungu amemponya.

Nitamwita Chebet, ingawa si jina lake. Ni kitinda mimba wetu, na amekimbia tangu shule ya msingi. Alipomaliza sekondari alijiunga na kikundi cha wakimbiaji hapa kwetu, na kocha akaanza kusema kwamba mtoto huyu akivumilia atafika mbali. Kisha mguu wa kulia ukaanza kumsumbua. Akikimbia kidogo, kigimbi kinakakamaa kama kamba na unyayo unakufa ganzi. Akikaa chini, maumivu yanaondoka kama hayakuwapo.

Kocha alimkanda kwa mafuta. Mimi nilimwambia aache kuogopa baridi. "Baridi ya Molo hujaizoea mpaka leo?" nikamtania. Mama yake ndiye hakucheka. Alikuwa ameugusa ule mguu Chebet alipotoka mazoezini, akaniambia, "Baba Chebet, mguu mmoja ni wa moto, mwingine ni kama umetoka mtoni. Hii si baridi."

Tukaenda Nakuru, tukatumwa huku na kule mpaka tukafikishwa kwa daktari wa mishipa ya damu. Alikuwa mama mmoja mpole. Alimlaza Chebet kitandani, akaniita karibu.

"Mzee, weka kidole hapa juu ya unyayo. Unasikia nini?"

"Nasikia mpigo."

"Haya. Chebet, sukuma unyayo mbele kama dereva anayekanyaga mafuta. Kaza. Mzee, sasa?"

Mpigo ulikuwa umepotea. Chebet alipolegeza mguu, ukarudi. Ninataka msomaji ajue hilo mapema: nililigusa tatizo hilo kwa kidole changu mwenyewe.

Daktari alitueleza polepole. Mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni hupita nyuma ya goti. Chebet alizaliwa na msuli wa kigimbi ulioshika mahali pasipo pake, na kila anapokimbia msuli huo unaubana ule mshipa. Alisema ni ugonjwa adimu, kwamba hata madaktari wengi hawajawahi kuuona, na mara nyingi hujitokeza kwa vijana wenye misuli iliyokomaa kama wakimbiaji. Dawa yake ni kukata sehemu ya msuli ili mshipa uwe huru.

"Kwa sasa mshipa wenyewe bado ni mzima, kwa hiyo kazi ni ndogo," alisema. "Ukiendelea kubanwa utaharibika ndani, damu itaganda, na hapo tutakuwa tunazungumza mambo mengine. Asikimbie hata hatua moja mpaka tumfanyie."

Tukapewa siku ya kurudi. Chebet akakaa nyumbani akipumzika, akisaidia kuchagua viazi vya mbegu akiwa ameketi.

Sasa, kwetu kuna desturi ya ushuhuda. Mungu akikutendea jambo, unasimama mbele ya kanisa na kulisema. Na ukishalisema huruhusiwi kurudi nyuma, kwa sababu kurudi nyuma ni kumkana Mungu hadharani. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu hivyo. Nimewahi kumkemea mama mmoja aliyeonekana kwenye duka la dawa baada ya kushuhudia kwamba kifua chake kimepona.

Jumapili kabla ya upasuaji tulimwombea Chebet. Wazee walimwekea mikono, maombi yakawa marefu, watu wakalia. Mwishoni nikamuuliza mbele ya wote, "Binti yangu, mguu unauma?"

Akasema, "Sasa hivi hapana, baba."

Ungeumaje? Alikuwa hajakimbia tangu tutoke Nakuru. Lakini mimi nilichukua ile "hapana" na kuiacha "sasa hivi". Nikakamata kipaza sauti, nikasema Mungu amefungua mshipa ambao madaktari walitaka kuufungua kwa kisu. Kanisa likasimama. Kwaya ikaanza. Vijana walirekodi kwa simu, na kabla ya chakula cha mchana ndugu zetu wa Njoro walikuwa wananipigia kunipongeza.

Siku ya kwenda hospitali ilipokaribia, mke wangu alikuwa ameshafunga begi.

"Mnaenda wapi?" nikamuuliza.

"Wewe unajua tunaenda wapi."

"Na watu nitawaambia nini?"

"Waambie mguu ni wa mtoto, si wa kanisa."

Nilimwambia anazungumza kama mtu asiye na imani. Huyu ni mwanamke ambaye tumesali pamoja tangu tuoane, na ndiye aliyenifundisha kufunga. Alilifungua begi, akatoa sweta ya Chebet, akaikunja na kuirudisha kabatini. Chebet alisimama mlangoni akinitazama mimi, halafu mama yake, halafu mimi. Alikuwa ametimiza umri wa kujiamulia, lakini nyumbani kwangu hakuna mtoto aliyewahi kuamua kinyume cha neno langu, na wakati huo nilijivunia jambo hilo.

Akarudi mazoezini. Bila shaka maumivu yalirudi. Mara moja alijaribu kuniambia. "Baba, kile kitu kimeanza tena." Nikamjibu kwamba ni adui anamjaribu, asimpe nafasi kwa kulitamka. Basi hakulitamka tena. Alianza kukaa nyuma ya wenzake akisema anafunga kamba za viatu. Hayo kocha aliniambia baadaye, na nilishindwa kumkasirikia, maana mimi ndiye niliyempa mtoto sababu ya kujificha.

Asubuhi moja alishindwa kushuka kitandani. Mguu ulikuwa umepauka kama majivu, vidole vimegeuka rangi ya samawati. Alikuwa anauma blanketi ili asilie. Jirani alitupeleka Nakuru kwa pikapu yake.

Daktari alikuwa yule yule. Alimtazama Chebet, akanitazama mimi. "Mzee, nilikungoja," alisema, kisha akaondoka kwenda kujiandaa. Natamani angenitukana.

Mshipa ulikuwa umeziba kabisa. Walichukua mshipa mwingine kutoka pajani na kuushona ili damu ipate njia mpya ya kuzunguka pale palipoziba. Namshukuru Mungu na mikono ya wale madaktari, mguu ulibaki. Lakini vidole viwili vilikuwa vimekufa, vikakatwa. Chebet anatembea, tena anatembea vizuri. Kukimbia kwa mashindano kumekwisha.

Kisha likaja jambo ambalo linanichoma mpaka leo. Daktari alipompima mguu wa kushoto, alikuta msuli umekaa vibaya vile vile, ila mshipa ulikuwa bado mzima. Mguu huo wakaufanyia upasuaji mapema, ule ule mdogo niliouzuia. Chebet alitia sahihi mwenyewe bila kunitazama. Alikuwa nyumbani baada ya siku chache, na siku hizi nyuma ya goti hilo kuna kovu la kawaida tu. Kila avaapo sketi naliona. Ni hilo tu nililomnyima.

Nikaamua kuufuta ushuhuda wangu pale pale nilipoutoa. Nilisimama, nikasema, "Ndugu zangu, niliwadanganya. Mtoto hakuwa amepona. Nilimzuia asitibiwe na amepoteza vidole kwa sababu yangu."

Kisha mtu nyuma akasema, "Lakini mguu upo! Bwana asifiwe!" Kanisa zima likaitikia. Kwaya ikaanza. Nikapiga kelele, "Hapana, nisikilizeni," lakini kinanda kilikuwa kimeshashika wimbo, na mchungaji alikuwa amenikumbatia huku akitoa machozi ya furaha. Mpaka sasa kuna watu wanausimulia mguu wa Chebet kama muujiza. Nikiwasahihisha, wanasema mzee ni mnyenyekevu.

Nilimsimulia Chebet hayo jikoni akimenya viazi, nikidhani atacheka.

"Kwa hiyo umeliomba kanisa msamaha," akasema.

"Nimejaribu."

"Na Mungu umemwomba?"

"Kila siku."

Akaendelea kumenya. Nilichelewa kuelewa, kama kawaida yangu. Nilikuwa nimekiri kwa Mungu, kwa mke wangu, kwa mchungaji na kwa kanisa zima. Aliyekatwa vidole nilikuwa sijamwomba chochote. Kwa mila yetu baba haombi mtoto msamaha, nami sikujua hata pa kuanzia. Nikavua kofia. Nikamwambia, "Chebet, nilikukosea. Nisamehe."

Aliweka kisu chini.

"Nimesikia, baba," akasema.

Hajasema zaidi ya hapo, na sina haki ya kumharakisha. Nitangoja.

Wewe unayesoma, ukiwa mzazi au mzee wa kanisa lolote, mwombee mgonjwa wako kwa moyo wote, kisha mpeleke hospitali siku aliyopangiwa. Usitangaze kilichopona katika mwili usio wako. Na kama umeshatangaza, geuka leo, uaibike leo.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Akupe watoto wasiokuogopa, na akupe masikio ya kuwasikia wanapokuambia wapi panauma.